Daktari Aliyeihesabu Bahati

Mwezi wa Novemba mwaka jana, wiki chache baada ya wakulima wa majani chai kulipwa bonasi, mpwa wangu alifunga safari kutoka Nkubu hadi kwangu Embu. Alipanda matatu alfajiri, akapita Chuka na Runyenjes, na kabla ya saa nne alikuwa ameketi sebuleni pangu na daftari nene mapajani. Hakuwa amekuja kunijulia hali. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alikuwa amemkabidhi shilingi 38,000 za karo ya chuo, na fedha hizo hazikuwapo tena. Zilikuwa zimemezwa na mchezo wa karata wa ishirini na moja, ule ambao makasino huuita blackjack, na ambao siku hizi humfuata mtu hadi kitandani kwa njia ya simu.

Hasara yenyewe haikunishangaza sana, maana habari za aina hiyo tumezizoea. Kilichonishangaza ni lile daftari. Humo kijana alikuwa ameandika, kwa mwandiko safi wa mtu aliyefaulu hisabati katika kidato cha nne, matokeo ya michezo elfu moja na kidogo. Alikuwa amepiga mistari chini ya mfululizo fulani wa ushindi na hasara, akitafuta mwendo wa bahati. Alikuwa na yakini kwamba amekaribia kuupata, na alichokitaka kutoka kwa mjomba wake ni mkopo mdogo wa kukamilisha utafiti huo.

Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni sauti, viambishi na maana za maneno, wala sidai kuwa na mamlaka yoyote katika hisabati. Hata hivyo kijana yule alinikumbusha mtu mwingine, daktari Mwitalia aliyefariki mwaka 1576, na nikaona ni heri nimsimulie maisha ya mtu huyo kuliko kumpigia kelele. Nayarudia masimulizi hayo hapa kwa sababu ninawafahamu walimu na wanafunzi kadhaa, kuanzia Makutano ya Meru hadi mjini Embu, ambao wanabeba daftari kama lile kichwani, ingawa hawajaliandika.

Gerolamo Cardano alizaliwa katika mji wa Pavia, kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Septemba 1501. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria wa Milan aliyebobea katika jiometria kiasi cha kwamba Leonardo da Vinci mwenyewe alimwendea kwa ushauri. Mama yake, Chiara, hakuwa ameolewa na Fazio wakati huo, na jambo hilo la kuzaliwa nje ya ndoa lilikuja kumgharimu mtoto baadaye. Tauni iliwaua ndugu zake watatu wa upande wa mama. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa maradhi. Alisomea udaktari Pavia, kisha Padua, na baba alipofariki mwaka 1524 alimwachia urithi mdogo ambao haukukaa. Ndipo kijana alipogeukia dadu na karata kwa minajili ya kujikimu, na kwa miaka kadhaa chakula chake kilitoka mezani humo.

Aliwezaje kuishi kwa kamari ilhali wenzake walifilisika? Jibu ni kwamba alihesabu. Katika zama zake mcheza dadu aliamini nyota, aliamini sala, aliamini mkono wa kulia kuliko wa kushoto. Cardano naye aliziamini nyota mno, kama tutakavyoona, lakini alipoketi mezani alijiuliza swali ambalo ni wachache mno waliokuwa wamelishughulikia kwa utaratibu: je, mambo yanayoweza kutokea ni mangapi kwa jumla, na kati ya hayo yanayonifaa mimi ni mangapi? Dadu moja ina nyuso sita. Dadu mbili zina matokeo 36, kwa sababu kila uso wa ya kwanza unaweza kuandamana na kila uso wa ya pili. Dadu tatu zina 216. Akiitaka namba moja itokee angalau katika dadu mojawapo kati ya mbili, matokeo yanayomfaa ni 11 kati ya 36. Kwa dadu tatu ni 91 kati ya 216.

Mambo haya leo yamo katika silabasi ya hisabati ya shule zetu za upili, na mwanafunzi huyajibu katika mtihani kisha akayasahau. Nina dhana kuhusu sababu yake, ingawa si lazima msomaji akubaliane nami. Hesabu ya uwezekano tunaifundisha kwa Kiingereza, lakini kamari tunaicheza kwa Kiswahili, Kimeru na Kiembu, na maneno yetu ya kamari hayana hesabu ndani yake. Neno kamari lenyewe ni la asili ya Kiarabu. Karata na dado tuliyapata kwa Wareno. Bahati ina asili ya Kiajemi na nasibu ni Kiarabu. Tulipotaka jina la mchezo wa tikiti na zawadi, tuliyaunganisha hayo mawili ya mwisho tukapata bahati nasibu, yaani bahati mara mbili. Na wale matapeli wa karata tatu wanaokaa karibu na vituo vya magari mchezo wao tunauita pata potea. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nilipoteza nauli na fedha za vitabu katika pata potea ya namna hiyo, na nakumbuka vyema jinsi jina lile lilivyonihadaa. Pata, potea: maneno mawili yaliyosimama sawasawa kama pande mbili za mizani. Jina halikuniambia kwamba upande mmoja ulikuwa mzito.

Tumrudie Cardano. Aliandika maarifa yake katika kitabu kidogo cha Kilatini kuhusu michezo ya kubahatisha, akakifanyia kazi kwa vipindi kwa miaka mingi, akirudi na kuongeza. Kitabu hicho kina makosa. Mahali fulani anasema kwamba kwa kuwa dadu ina nyuso sita, mtu akiirusha mara tatu ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuupata uso anaoutaka. Si kweli, nafasi ni 91 kati ya 216, ambayo ni kama asilimia 42. Kurasa kadhaa mbele hesabu sahihi ya 91 inatokea kwa mkono wake mwenyewe, lakini kosa la kwanza halikufutwa. Nilimuuliza mpwa wangu swali lilo hilo naye akajibu nusu, tena kwa haraka. Nikamwambia yuko katika kundi la watu wenye akili.

Lililo zito zaidi katika kitabu hicho ni wazo la usawa. Cardano alishikilia kwamba mchezo ni wa haki pale tu ambapo fedha zinazowekwa na kila upande zinalingana na nafasi za kila upande. Kama nafasi yangu ni moja kati ya sita, basi nikishinda nilipwe mara tano ya dau langu. Nikilipwa mara nne, kuna mtu ananinyonya hata kama dadu ni safi na mkono unaoirusha ni mwaminifu. Kwa maneno mengine, wizi si lazima uwe katika karata. Unaweza kukaa waziwazi katika kanuni ya malipo, ubandikwe hata ukutani, na usionekane. Hii ndiyo faida ya mwenye meza, nayo ndiyo iliyokuwa ndani ya daftari la mpwa wangu bila yeye kuiona.

Blackjack haimo katika kitabu cha Cardano, lakini njia yake inatosha kuufungua mchezo huo. Mchezaji na mgawaji wote wanataka kukaribia ishirini na moja bila kuipita. Mgawaji hana hiari: huendelea kuchukua karata mpaka afikishe 17 au zaidi. Mpwa wangu aliona ni busara amwige mgawaji, kwa hoja kwamba wawili wakicheza kwa namna moja watashinda sawa. Hoja hiyo ina mvuto. Anayecheza hivyo huipita ishirini na moja takriban mara 28 katika kila 100. Basi wote wawili wataipita pamoja kama mara 8 katika 100. Je, mara hizo nane fedha ni za nani? Mchezaji hucheza kwanza, na akiipita tu dau lake huondolewa papo hapo, kabla mgawaji hajaonyesha ya kwake. Mara nane zote ni za mwenye meza. Kwa upande mwingine, mchezaji anayepewa asi na karata ya kumi mwanzoni hulipwa moja na nusu ya dau lake, na ukarimu huo humrudishia kama mbili na robo katika mia. Kinachobaki ni hasara ya takriban shilingi tano na nusu kwa kila mia inayowekwa mezani.

Tukalifungua daftari tena. Michezo elfu moja, dau la shilingi 500 kila mara: nusu milioni ilikuwa imepita mezani, ingawa kijana hakuwahi kuwa na nusu milioni, kwa kuwa ni fedha zile zile zilizokuwa zikienda na kurudi. Asilimia tano na nusu ya nusu milioni ni 27,500. Daftari lilionyesha kwamba kwa mtindo huo alikuwa amepoteza 25,300. Kwa hiyo alikuwa na bahati nzuri kidogo kuliko kawaida! Alinitazama kwa muda mrefu niliposema hivyo.

Zilizosalia, shilingi 12,700, zilikwenda kwa usiku mmoja. Alikuwa amesikia kwa rafiki kwamba dawa ya hasara ni kulifanya dau kuwa maradufu: anza na 100, ukishindwa weka 200, kisha 400, na siku utakayoshinda utarudisha yote pamoja na 100 ya juu. Alishindwa mara saba mfululizo. Jumla ya 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200 na 6,400 ni 12,700 kamili, na dau la nane lilihitaji 12,800 ambazo hakuwa nazo. Sasa tuchukulie mchezo ni wa haki kabisa, nusu kwa nusu. Kushindwa mara saba mfululizo hutokea mara moja katika 128. Katika raundi 128, basi, utashinda shilingi 100 mara 127, yaani 12,700, na utapoteza 12,700 mara moja. Mizani inalingana sawia. Ujanja wote ule haukubadilisha chochote ila sura ya hasara, ukaichukua kutoka kidogo kidogo ukaiweka pamoja mahali pamoja. Na mchezo wenyewe haukuwa wa haki.

Kuna pia kile kinachoitwa bima. Asi ya mgawaji ikionekana, mchezaji hukaribishwa kuweka dau la pembeni kwamba karata iliyofichwa ni ya kumi, na hulipwa mara mbili. Kwa pakiti moja zimebaki karata 51, na 16 kati yake zina thamani ya kumi. Weka shilingi 10 mara 51: utapata 320 na kupoteza 350. Huko kwetu neno bima lina heshima, na sina shaka aliyelichagua kwa ajili ya mchezo huu alijua thamani yake.

Ni haki kusema kwamba wako waliopunguza faida ya mwenye meza. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini walichapisha jedwali la lini mchezaji achukue karata na lini aache, na kwa kanuni nzuri jedwali la namna hiyo hushusha hasara hadi kama nusu shilingi katika mia. Mwaka 1962 mwanahisabati Edward Thorp alionyesha kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza hata kumzidi mwenye meza, kwa sababu karata iliyotoka hairudi mpaka zichanganywe. Makasino yakajibu kwa kuongeza pakiti na kuchanganya mapema. Meza nyingine zimepunguza malipo ya asi na kumi, kutoka shilingi 150 kwa kila 100 hadi 120, badiliko linaloonekana dogo lakini huongeza hasara kwa karibu shilingi moja na senti arubaini katika mia. Na katika michezo mingi ya simu programu huchanganya karata zote upya kila mara, hivyo jana haina la kuiambia leo. Kurasa mia za mpwa wangu hazikuwa na siri ya kufichua.

Swali aliloniuliza hapo ndilo nililokuwa nikilingoja. Alitaka kujua kama Cardano, kwa kuyajua yote hayo, alitajirika.

Hakutajirika. Kwa masimulizi yake mwenyewe, akiwa kijana alicheza karata Venice nyumbani kwa mheshimiwa mmoja, akagundua kwamba karata zimetiwa alama, akamkata mwenyeji usoni kwa jambia, akachukua fedha zake na kukimbia. Usiku ule alitumbukia mferejini kwa bahati mbaya, akaokolewa na mashua, na ndani ya mashua akamkuta mtu yule yule aliyemjeruhi, ambaye alimpa nguo kavu. Mwaka 1531 alimwoa Lucia Bandarini. Chama cha madaktari wa Milan kilikataa kumpokea kwa sababu ya kuzaliwa nje ya ndoa, na miaka iliyofuata akacheza mpaka vito vya mkewe na hata kitanda vikawekwa rehani, familia ikaishia katika makao ya maskini. Mtu aliyejua uwezekano wa kila mrusho wa dadu alilala katika makao ya maskini. Nililisema hilo polepole.

Aliokolewa na kazi. Mwaka 1534 alipata nafasi ya kufundisha hisabati Milan, na mwaka 1539 chama cha madaktari kikamkubali hatimaye. Mwaka 1545 alichapisha kitabu kikuu cha aljebra kilichoonyesha namna ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu na cha nne, akazua ugomvi mkali na Tartaglia, aliyemfunulia sehemu ya siri hiyo baada ya kumwapisha asiitoe. Mwaka 1552 alisafiri hadi Scotland kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton aliyesumbuliwa na pumu; miongoni mwa mengine alimwagiza aache kulalia manyoya ya ndege, na mgonjwa akapata nafuu. Njiani kurudi alimpigia falaki mfalme kijana wa Uingereza, Edward wa Sita, akamtabiria maisha marefu. Mfalme akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 15. Hata kiungo kile cha propela kinachozungusha magurudumu ya nyuma ya lori zetu za mchanga kinaitwa kwa jina lake katika lugha kadhaa za Ulaya.

Lakini nyumbani mambo yaliharibika. Mwanawe wa kwanza, Giovanni Battista, aliyekuwa daktari kama yeye, alihukumiwa kwa kumpa mkewe sumu na akauawa mwaka 1560. Baba hakupona jeraha hilo. Mwanawe mwingine, Aldo, alirithi meza ya dadu bila kuirithi hesabu. Alicheza akapoteza, akamwibia baba yake ili acheze tena, hata Cardano, ambaye kufikia hapo alikuwa profesa wa udaktari Bologna, akaomba wenye mamlaka wamfukuze mjini. Mwaka 1570 Cardano alikamatwa kwa tuhuma za uzushi wa dini, akafungwa kwa miezi kadhaa, akakatazwa kufundisha na kuchapisha. Miaka yake ya mwisho alikaa Roma, akapewa posho na Papa, akaandika maisha yake. Humo anakiri kwamba alicheza dadu kwa takriban miaka 25 na sataranji kwa zaidi ya hiyo, na anaona aibu kwa hilo. Katika kile kitabu cha kamari nako alikwisha kusema kwamba faida kubwa ya mcheza kamari ni kutocheza kabisa. Alifariki tarehe 21 Septemba 1576. Kitabu cha kamari kilibaki kati ya makaratasi yake mpaka kilipochapishwa mwaka 1663, miaka tisa baada ya Pascal na Fermat kuandikiana barua zilizoweka msingi wa elimu ya uwezekano bila kukiona.

Serikali yetu imejishughulisha na kamari kwa sheria tangu mwaka 1966. Mwaka 2018 ilianza kukamata na kuteketeza zile mashine za sarafu zilizokuwa zimeenea masokoni, na mwaka 2025 Kenya ikapata sheria mpya ya kamari. Hayo ni mema. Hata hivyo sijaona sheria inayomlazimu mwenye meza kumwambia mteja, kwa lugha anayoielewa, kwamba katika kila shilingi mia ataacha tano na nusu au nusu shilingi, na kinacholeta tofauti hiyo ni nini. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya hilo kwa kipindi kimoja, kwa pakiti ya karata na ubao, na mwalimu wa Kiswahili akamsaidia kwa maneno.

Mpwa wangu alilala kwangu. Asubuhi alikuwa amezijaza kurasa mbili kwa matokeo 36 ya dadu mbili, akiyaandika moja moja, na hakutaja mkopo tena. Tulimpigia dada yangu simu pamoja, nikamwachia kijana azungumze mwenyewe kwa Kimeru. Mama yake alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama chuo kinakubali karo ilipwe kidogo kidogo.